Nilichomwambia Baba kwa Kiingereza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri, na kile kifua kimeacha kukusumbua asubuhi. Upo ndani, umekaa eda, na mimi mwanao siwezi kuja kukaa nawe hapo mkekani hata siku moja. Hilo linaniuma mno. Mwili wangu ni mzima. Hapa Uskochi, kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, walinipa siku chache za msiba. Nilizimaliza nimelala, naangalia ukuta.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Zuhura, siku ile ulimwambia nini baba yako?" Nikakwama. Nilikusikia unanisubiri, halafu ukasema taratibu, "Basi mwanangu, niandikie." Ndiyo naandika. Kigugumizi changu unakijua. Kwenye kalamu hakinifuati.

Unakumbuka nilivyoanza kidato cha kwanza. Darasani waliniita Pikipiki Mbovu. Nikijibu swali kwa Kiswahili walikuwa wanacheka kabla sijamaliza neno. Ndipo Mwalimu Mihayo, yule wa Kiingereza, akatuambia tusome kwa sauti, kila mtu kwa zamu yake. Zamu yangu ilipofika niliona wenzangu wameshajiandaa kucheka. Nikasoma ukurasa mzima bila kukwama. Mpaka leo sijui ilikuwaje. Mwalimu akasema, "Endelea," nikaendelea mpaka kengele ikalia.

Siku hiyohiyo alimfuata baba kwenye banda lake la kutengeneza baiskeli pale Ng'ambo. Baba alipenda sana kukisimulia kisa hicho. Mwalimu alimwambia, "Mzee Kasimu, binti yako anasema."

Baba akashtuka. "Kamsema nani?"

"Hajamsema mtu, mzee. Anasema Kiingereza, na hakwami."

Jioni baba akaniita uani, mikono bado ina grisi. "Hebu nisomee nisikie." Wewe ulikuwa unachambua mchicha, ukacheka, ukamwambia, "Utaelewa nini wewe?" Akakujibu, "Mtoto anaongea, Mama Zuhura. Nielewe nini tena?"

Ikawa hivyo mpaka namaliza kidato cha sita. Zile riwaya, tamthilia na mashairi ya Kiingereza wenzangu walizisoma ili wafaulu mtihani. Mimi nilizisoma ili baba anisikie. Nikifika mahali pa huzuni alikuwa ananisimamisha: "Huyo amekufa?" Naitikia kwa kichwa. "Nilijua. Sauti yako imeshuka." Na nilipopata nafasi ya kuja huku, majirani wakamuuliza anampeleka wapi mtoto wa kike peke yake. Akawajibu kwamba mababu zake walibeba mizigo ya watu kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani, wakarudi na Kiswahili, na binti yake anaondoka na lugha tayari mdomoni.

Sasa siku ile. Ulimwekea simu sikioni pale hospitali, nikasikia anavyohangaika kupumua. Nilitaka kusema, "Baba, pole." Mama, hilo neno "baba" lenyewe halikutoka. Nilibaki kwenye herufi ya kwanza, machozi yananitoka. Ukamwambia, "Ni Zuhura huyo." Naye akasema, kwa sauti ambayo nusura nisiitambue, "Sema Kizungu chako, mwanangu. Nitasikia."

Nikasema. Nilisema haraka na vizuri, kama niko mbele ya darasa. Nilimwambia kwamba watu wote walinimalizia maneno yangu, yeye peke yake alininyamazia nikayamaliza mwenyewe. Nilimwambia huku kuna baridi lakini nakula, asiwe na wasiwasi. Nilimwambia kuna kijana wa Kigoma anataka kuleta posa nyumbani, na kwamba nilikuwa nangoja apone ndipo niwaambie. Nawe ndiyo unasikia hapa, mama, nisamehe. Mwisho nikamwambia asife. Nilimwambia hivyo waziwazi, "Usife, baba, nisubiri nije," nikarudia na kurudia, kwa lugha ambayo yeye hakujua hata salamu yake.

Akasema, "Mm. Vizuri, mwanangu. Vizuri." Halafu ukachukua simu.

Hilo "vizuri" ndilo linaloninyima usingizi. Je, alidhani namsomea kitabu? Kwa Kiswahili ningekwama, lakini labda ningetoa neno moja, na hilo moja lingemfika. Badala yake nilimpa maneno mengi mazuri, akaenda nayo kaburini bila kujua ni ya nini.

Na tangu hapo, mama, hata Kiingereza kimenigomea. Kuna bibi mmoja hapa haoni, huwa namsomea gazeti baada ya chai. Juzi nilifungua mdomo nikakwama mstari wa kwanza. Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akaniuliza kama naumwa. Nikatoka, nikaenda kulia kwenye chumba cha kufulia.

Likizo nimeomba, jibu bado. Nisalimie mdogo wangu Hamisi, mwambie asiligawe banda la baba mpaka nije. Msalimie dada Salma na wanawe, na shangazi anayelala nawe chumbani, Mungu amlipe kwa niaba yangu. Mwalimu Mihayo akija kuhani, mpokeeni vizuri. Akiuliza habari zangu, mwambieni nipo, nafanya kazi. Habari ya kukwama msimwambie.

Ijumaa nitapiga simu. Kuna jambo, lile nililoshindwa kumwambia baba, nataka kukwambia wewe kwa mdomo wangu, kwa Kiswahili. Litachukua muda. Usikate simu, mama, na usinimalizie.

Mwanao,
Zuhura