Urefu wa Kiwiko

4 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia na wasichana wa bweni lako wanakuachia usingizi. Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo cha vumbi la ofisi. Tunahariri kitabu cha sayansi cha darasa la sita na karatasi zimefika hadi chini ya meza.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Umesema zawadi yako ya harusi itakuwa jiko na oveni, na kwamba nichague mwenyewe. Ahsante. Nimezunguka maduka, na sijachagua.

Kuna aina mbili. La kwanza ni la kuzamishwa: fundi anakata tundu kwenye jiwe la kaunta, jiko la kioo la umeme linalala humo sawa na meza, na oveni inaingizwa peke yake kwenye kabati la ukutani. Mchumba wangu analitaka hilo. Amenionyesha picha yake hadi naweza kulichora nikiwa nimefumba macho. La pili ni lile la kusimama: plati nne juu, oveni chini, vyote mwili mmoja. Unalisukuma mahali pake, unaunga mpira wa gesi, basi. Muuzaji aliponiona nimeganda mbele ya hilo la pili akasema, "Dada, hilo ni la wapangaji. Mwenye nyumba yake hununua la kuzama." Nilifungua mlango wa oveni, nikaufunga, nikaufungua tena.

Fundi atakata jiwe tarehe 28. Likishakatwa ndiyo basi. Nalitaka hilo la kusimama, Mama, na kila nikiulizwa sababu naishia kusema habari za kukatika kwa umeme.

Niandikie unavyoona.

Binti yako

*

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananisalimu kila ngazi. Wasichana ni walewale. Filimbi haitoki shingoni mwangu, na jana nimenyang'anya pasi mbili na simu tatu. Kikohozi kinywee maji ya moto, na hizo karatasi zifute vumbi kabla ya kuzisoma. Na kwenye simu sikukatizi. Wewe unanyamaza hadi nadhani salio limekwisha.

Sasa jiko. Watu husema mwanamume akioa amepata jiko. Huyu wako amepata wa kulikosesha usingizi duka zima. Hilo la kusimama nalijua vizuri. Mafuta yanatiririka pembeni, kati yake na kabati, mkono haufiki huko, wanaofaidi ni mende. Kuwasha oveni yake ulale kifudifudi na kiberiti kama unatafuta hereni. Hilo la kuzama unapitisha kitambaa mara moja, umemaliza.

Tena nakujua. Hapa hakuna habari ya umeme. Umeandika "unalisukuma". Kitu unachoweza kukisukuma ndani unaweza pia kukisukuma nje. Unaingia kwenye nyumba hiyo au unapima mlango wa kutokea? Niambie mapema, kwa sababu kadi zimeshachapishwa na mkwe wangu sijamwona na baya. Havuti, halewi, anapiga simu kuulizia magoti yangu bila kukumbushwa.

Chukua la kuzama. Na oveni isipandishwe juu kama picha ya ukutani. Mtu asitoe sinia la moto huku amenyanyua mikono kama anajisalimisha kwa polisi.

Mama yako

*

13 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Kikohozi kimepungua.

Swali lako la mlango ni la haki, na jibu lake ni kwamba sijui. Yeye ni mwema. Lakini wema wake hunifikia ukiwa umeshaamuliwa. Nyumba ilichaguliwa, kisha nikaonyeshwa. Kuta zilipakwa rangi, kisha nikaulizwa kama ninaipenda. Na huwa ninaipenda, Mama. Hilo ndilo linalonitisha. Ninapenda haraka, kama mtu anayetia sahihi bila kusoma. Nikiolewa hivi, naogopa siku moja nitaamka nikiwa mwanamke mzima ambaye hajawahi kuchagua hata kijiko.

Jana nilikwenda kwenye ile nyumba peke yangu. Jikoni kunanuka saruji na mbao mpya. Kuta za kaunta zimeshajengwa, jiwe limeegemezwa pembeni likisubiri kukatwa na kulazwa. Nikasimama kana kwamba ninakata vitunguu, na ikabidi niinamishe mgongo. Wewe unajua urefu wangu. Shuleni nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Kwenye kabati la oveni kuna mstari wa penseli, nao unanifika chini ya kifua.

Nikamuuliza fundi vipimo amevitoa wapi.

"Mimi sijengi kwa kukariri, dada," akasema. "Namsimamisha mpishi, namwambia akunje mkono, napima kutoka kiwiko hadi sakafuni, kisha natoa kidogo. Ndivyo nilivyofanya hapa."

"Ulimsimamisha nani?"

"Mama mwenye jiko. Alikuja na bwana."

Kisha akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akaelewa alichokisema, akaanza kutafuta sakafuni msumari ambao haukuwa umepotea.

Jioni nilimuuliza mchumba wangu. "Ni vipimo vya kawaida tu," akasema, akafungua bomba ambalo bado halina maji. Mama yake siye; yule ananipita mimi, huingia milangoni akiinamisha kichwa. Kwa hiyo kuna mwanamke mfupi aliyesimama jikoni kwangu, mbele ya mume wangu mtarajiwa, akakunja mkono apimwe. Na yeye amenidanganya huku akifungua bomba kavu.

Sijalala vizuri. Nifanye nini?

Binti yako

*

16 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Urefu wa kaunta si sababu ya kuvunja harusi. Mafundi wanakosea kila siku, na wengine hupenda kusema ili waonekane wanajua. Usimuulize tena mwenzako, utamchosha kabla hamjaanza. Chagua lile la kuzama, fundi akate jiwe siku iliyopangwa, na mambo mengine yatakaa sawa mkishaingia ndani.

Nina kazi nyingi, mitihani inakaribia.

Mama yako

*

20 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, kwa kuwa safari hii hukuniambia, wala mimi hukuniuliza.

Nimeisoma barua yako kama ninavyosoma kazi za ofisini, kwa kutafuta kilichorukwa. Nimekuandikia kwamba mchumba wangu alimpeleka mwanamke jikoni kwetu kwa siri, na wewe hukuuliza mwanamke huyo ni nani. Wewe, ambaye nikikuambia nimekula na mwenzangu wa kazini, unataka kujua ana watoto wangapi na baba yao yuko wapi.

Leo nimerudi kwa fundi. Aliponiona akashusha nyundo. "Dada, mimi nina familia, usinitie kwenye kesi."

"Niambie tu alikuwaje."

"Mtu mzima. Mfupi, mcheshi, lakini ana amri. Alinikuta nimekanyaga mbao na matope, akanitazama, nikajikuta nimevua viatu. Alikuwa na filimbi shingoni."

Nimekaa kwenye mfuko wa saruji nikacheka, na fundi akacheka nami kwa kunihurumia. Kisha kicheko kikaisha.

Ulikuja mjini, Mama. Ulipita mtaa wa ofisi yangu, ukaenda kupimwa kiwiko, ukarudi. Nakuomba uniambie kwa nini, na uniambie kabla ya tarehe 28.

Binti yako

*

25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Natumaini nawe u mzima, na kikohozi kimekwisha kabisa.

Niliandika barua mbili kabla ya hii nikazichana. Nisemehe kwa ile fupi.

Nilikuambia shule imeniongezea mkataba. Si kweli. Nastaafu muhula huu ukiisha, na nyumba hii ni ya shule. Matroni mpya amekwisha kuja kuangalia madirisha, akipima mapazia. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umetoka kuvishwa pete, na sikutaka uingie kwenye ndoa ukiwa umenibeba mgongoni.

Mwezi wa tatu mkwe alipita hapa akiwa na safari zake, akakuta nimefunga maboksi. Nikamwambia ni vitabu. Akainua moja, akasema, "Mama, vitabu havigongani kama sufuria." Ndipo nikamweleza. Hakufikiri hata dakika. Akasema chumba cha nyuma ni changu, na kwa kuwa ninyi mtakuwa kazini kutwa na mimi ndiye nitakayeshinda jikoni, jiko lijengwe kwa urefu wangu. Mwezi wa nne nikaja, siku ile niliyokuambia nakwenda kupima macho. Ni mimi niliyemwapisha asikuambie hadi harusi ipite. Kuhusu kukudanganya, lawama ni yangu.

Lakini kuna jambo zito zaidi na nitaliandika kabla sijaichana na hii. Uliponiandikia kwamba unalitaka jiko la kusimama, nilielewa siku hiyohiyo kwamba una shaka naye. Mama mwenye akili angekuuliza shaka gani. Mimi nilikuuliza mara moja, kisha nikakusukuma. Niliona ule mstari wa penseli ukifutika, na mimi nimekaa juu ya maboksi sijui pa kuyapeleka. Nikakuandikia habari za mende.

Sasa unajua. Tarehe 28 fanya unavyotaka wewe. Sitapiga simu.

Mama yako

*

1 Julai

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kikohozi kimekwisha. Ahsante kwa kutoichana.

Nitakueleza ilivyokuwa. Nilifika mapema. Fundi alikuwa amelaza jiwe juu ya mbao mbili, amechora mraba wa jiko kwa penseli, amevaa miwani, mashine ya kukatia iko mkononi. Mchumba wangu alisimama mlangoni na boksi la jiko la kioo miguuni. Alikuwa ameshalichukua dukani, kuniokolea usumbufu.

Nikasema, "Fundi, usikate."

"Tumebadilisha jiko?" mchumba wangu akauliza, akitabasamu.

"Nani alipimwa hapa?"

Tabasamu likabaki bila mwenyewe. "Mama yako," akasema. "Nilitaka ukute kila kitu tayari. Nilijua ungefurahi."

"Ningefurahi kweli. Ningefurahi hivyo maisha yangu yote, na siku moja tusingeniulizwa."

Unaona, hata sentensi ilinitoka vibaya, mimi mhariri. Nikarudia: "Bila kuulizwa hata siku moja."

"Sasa kosa langu ni lipi? Nimempa mama yako chumba. Wangapi wangefanya hivyo?"

Fundi akasema anatoka nje kupata hewa, akaenda na mashine yake.

"Wachache sana," nikamwambia. "Kosa lako ni kwamba hukunipigia simu siku ileile ukasema, mama yako anafukuzwa kwenye nyumba, tufanyeje? Mlikaa wawili mkapanga mtu wa tatu atakavyoishi, na huyo wa tatu ni mimi. Sitaolewa mwezi wa nane."

"Mwezi gani basi?"

Nikatafuta mwezi, Mama. Nikaupitia mwaka mzima kichwani na sikuupata. Akaelewa kabla sijafungua mdomo. Akainama, akaanza kufuta vumbi kwenye jiwe kwa kiganja, polepole, hadi lote likang'aa. Hilo ndilo linaloniliza. Ni mtu mwema, na sikuweza kuishi ndani ya wema wake.

Nimepanga vyumba viwili ghorofani, mtaa wa nyuma ya ofisi. Jikoni ni kama korido, watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Zawadi yako iache, hakuna harusi. Nimenunua jiko mwenyewe, lile la wapangaji, plati nne na oveni chini. Oveni yake huwashwa kwa kubonyeza, kwa hiyo hutalala kifudifudi. Vijana wawili walilipandisha ngazi wakinilaani kimyakimya. Miguu yake ni ya skrubu, inapanda na kushuka karibu upana wa vidole vitatu, nami nimeishusha hadi mwisho. Kiwiko chako sikuwa nacho, nikamwomba jirani wa chini anayelingana nawe aje asimame akunje mkono. Alidhani nimerukwa na akili, lakini alikunja.

Chumba chenye dirisha nimekiacha kitupu. Nilitaka kuandika kwamba ni chako na nitakuja kukuchukua siku fulani, kisha nikaona ninafanya lilelile. Basi nauliza. Weka kando maboksi, weka kando huyo matroni na mapazia yake. Unataka kuishi nami?

Binti yako

*

7 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima.

Siku mbili nilikukasirikia. Nilisema mtoto huyu ametupa bahati yake kwa ajili ya nusu shubiri ya kaunta. Siku ya tatu nikajikasirikia mimi, na hiyo imechukua muda zaidi. Mkwe, nitalizoea jina lingine, nimempigia kumwomba radhi. Alisema, "Hakuna neno, Mama," kwa sauti ya mtu mwenye neno. Kadi nimezirudisha kwa aliyechapisha, hakunicheka.

Swali lako nimetembea nalo korido zote za bweni, hadi wasichana wakaja kuniuliza kama kuna msiba. Nilipoolewa sikuulizwa, na kazi hii nilipewa kwa sababu mwenzangu alihama. Ilibidi nikae kitandani nijisikilize kama ninataka, na nikachukua muda kujua nasikiliza nini.

Nataka.

Nitafika Jumamosi ya tarehe 20 na basi la asubuhi. Usilete mtu wa kubeba, vitu ni vichache na vingi ni sufuria.

Ila tafuta spana sasa hivi, kabla hujaiweka barua hii chini, uipandishe hiyo miguu. Simama wima, kunja mkono wako, mwambie huyo jirani akupime wewe. Jiko ni lako. Mimi nitasimama juu ya kibao.

Mama yako