Barua Pepe za Mjomba Rehani Baada ya Mazishi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Shadya Halidi Mloka. Umri: miaka 17. Kabila: Mluguru. Dini: Mwislamu. Kazi: nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Makazi: Mwembesongo, Morogoro.
Tarehe 14/01/2025, saa 4:20 asubuhi, kituoni.

Naandika kwa mkono wangu kwa sababu Koplo Joyce amechoka kuniambia nipaze sauti. Amesema, "Binti, wewe mwali wa wiki ya ngapi? Hata meza haikusikii." Akanipa karatasi, akatoka.

Hili sijamwambia mtu yeyote: nywila ya akaunti ya marehemu mjomba wangu ninayo. Tangu siku ya mazishi ningeweza kuzizuia zile barua pepe kwa simu yangu, na sikuzizuia. Geofrey Masanja, aliye mahabusu tangu juzi kwa kosa la kujifanya marehemu, hajaandika hata neno moja.

Mnamo tarehe 28/12/2024, Jumamosi, majira ya saa 8 mchana, mjomba wangu Rehani Kobelo, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa viungo kule Kinole, aliniita nyumbani kwake nimtengenezee programu ya kutuma barua pepe zenyewe kwa wanunuzi. Orodha ilikuwa na watu 64: hoteli, maduka ya Dar na ya Zanzibar. Akaongeza na ndugu, "nao waone kazi."

Alinisomea barua tano, mimi nikiandika. Zote zilitakiwa kuanza kwa kuuliza hali, watoto na mvua. Meneja wa hoteli aulizwe mvua! Nikaandika kwa Kiswahili, nikageuza kwa Kiingereza changu cha darasani, mvua ikiwemo.

Nikamwambia, "Mjomba, hapa panauliza tukome baada ya barua ngapi."
"Tukome tumekosa nini? Weka mpaka ajibu."
"Watu watakasirika."
"Akikasirika si atajibu?"

Nikamweleza kwamba pana sehemu ya kumwezesha mtu kujitoa kwenye orodha. Akanitazama. "Yaani mgeni nimpikie, halafu nimwonyeshe na mlango wa uani akimbie?" Tulibishana mpaka adhana ya alasiri. Nikaweka alivyotaka: kila baada ya siku nne, saa 3 kamili asubuhi, mpaka mtu ajibu. Barua ya kwanza ilitoka Jumatatu tarehe 30/12.

Alhamisi tarehe 2/1/2025, jioni, mjomba alianguka uani akafariki.

Kesho yake, saa 3 asubuhi, tukiwa msibani, simu ya mjomba Yusuph, mdogo wake marehemu, ililia. Akasoma kwa sauti kabla hajajua anasoma nini: "Hujambo? Watoto hawajambo? Mvua huko imenyesha? Mimi Rehani. Nilikuandikia, naona kimya."

Uwanja mzima ukamgeukia. Geofrey ndiye aliyekuwa akibeba mdalasini wetu kwa bajaji yake. Ni Msukuma, mtani wetu, na msibani mtani ana ruhusa yake: alikuwa ameshavaa koti na kofia ya marehemu, anatembea kama yeye. Akaruka katikati ya watu. "Ndiyo, ni mimi! Mnataka kunifukia na barua hamjajibu? Siendi!" Hata waliokuwa wanalia walicheka. Wakasema Masanja mwaka huu ametisha, kafika mpaka kwenye simu. Naye akaipokea sifa, kwani mtani gani angeikataa?

Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Barua ya tatu iliingia tarehe 7/1, matanga yameshaondolewa. Mjomba Yusuph akampigia Geofrey: "Mtani, imetosha, utani umekwisha." Geofrey akaapa kwamba si yeye. Nani anaamini kiapo cha mtani?

Tarehe 8/1, saa 11 jioni, nilimfuata mjomba Yusuph nikamwambia huenda ni ile programu. Akasema, "Kompyuta ya marehemu nimeifungia kabatini, ufunguo huu hapa. Itatuma kwa mkono gani?" Nikamwambia programu haimo kwenye kompyuta, iko mtandaoni. "Na bando liliisha tangu kabla ya msiba!" Nikaeleza tena. Akaniambia nikamsaidie mama kuosha vyombo. Nikaosha.

Tarehe 11/1 ilikuja ya nne: "Kimya chako kinaniuma. Tumekula sahani moja." Bi Maimuna, mjane wa marehemu, yuko edani; mtoto wake alimsomea. Akauliza, "Amesema yuko wapi?" Baada ya hapo mjomba Yusuph hakusikia la mtu, akaja kushtaki. Jumapili tarehe 12/1 askari walimchukua Geofrey na bajaji yake, abiria akiwa bado amekaa nyuma.

Koplo akisoma hapa ataniuliza kwa nini sikuzizuia. Kwanza niliogopa, kwa sababu nilinyamaza siku watu walipocheka. Halafu, na hili ndilo baya, sikutaka. Mjomba Rehani ndiye mtu pekee aliyekuwa akisubiri nimalize sentensi yangu. Kila siku ya nne, saa 3 asubuhi, nilikaa na simu nikiingoja barua ambayo niliiandika mwenyewe. Ya tano itatoka kesho.

Nilikuwa nimeifunika karatasi hii kwa mkono. Sasa kuna viatu kwenye korido, na kikohozi nakijua: ni mjomba Yusuph. Yuko mlangoni. Mkono nimeutoa. Asome.

Niliyo nayo ni haya, hakuna niliyoongezewa na mtu. Geofrey aachiwe.

(Sahihi) Shadya H. Mloka

Maelezo ya askari: Shahidi ameandika mwenyewe. Mlalamikaji Yusuph Kobelo ameyasoma kabla yangu, kinyume cha utaratibu. Saa 5:35 shahidi amefungua akaunti kwa simu yake mbele yetu. Mlalamikaji ameomba barua ya tano isomwe kwanza. Imesomwa, mara mbili. Saa 5:50 programu imesimamishwa na lalamiko limeondolewa. Geofrey Masanja ametoka saa 6:10 mchana. Bajaji yake imegoma kuwaka. Yeye, mlalamikaji na shahidi wameisukuma wote watatu mpaka barabarani.
WP Koplo Joyce Alois