Mwanangu Ameniigiza Mbele ya Mavyaa Wangu

Assalam alaykum Bi Swabaha,

Mimi ni msomaji wako wa kila Ijumaa, na sikudhania kwamba nami nitafika mahali pa kukuandikia, maana barua za wenzangu nilikuwa nikizisoma jikoni kwa sauti na kuzicheka, lakini leo nimeshikwa pabaya na sina wa kumwambia ila wewe. Niite Mama Maisara, mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa, na jina langu kamili tafadhali usilichapishe, ingawa wanaonijua watanijua tu.

Nina binti mmoja, Maisara, ana miaka tisa. Mwaka huu kwenye mkutano wa wazazi mwalimu wao wa sanaa, Mwalimu Kazungu, alitwambia watoto wetu wanazeeka kwenye simu, na vitu vya plastiki tunavyowanunulia wachezee vinaishia baharini, na kwamba mtoto akipewa makumbi ya nazi, magunzi ya mahindi, vifuu na vitambaa vikuukuu atajitengenezea vyake mwenyewe na akili yake itafunguka. Maneno yale yaliniingia. Nilirudi nyumbani nikawagawa wanasesere wote wa dukani, nikamnyang'anya simu, nikamwekea kapu la vitu vilivyokwisha kazi, na wallahi Bi Swabaha mtoto alinishangaza, akatengeneza gari la vizibo vya soda, akatengeneza ndege wa makuti mwenye mabawa yanayopiga, kila siku kitu kipya, nami kila alichokimaliza nilikipiga picha nikakituma kwenye kundi la wazazi, na wazazi wakanisifu, na kabla sijajua nikawa mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya shule, cheo ambacho sikukiomba ila nilipopewa sikukikataa.

Basi nikaona tufanye maonyesho nyumbani kwetu, uani, Jumamosi alasiri. Nikawaalika kina mama wa shule, Mwalimu Kazungu, na wifi yangu Mwanaesha anayekaa mtaa wa Buxton. Mavyaa wangu, mamake mume wangu, Bi Bimdogo, alikuwa akiishi nasi, kwa hivyo yeye hakuhitaji mwaliko. Nilichapisha bango kubwa lenye picha yangu na ya Maisara, nikanunua maputo ya kijani, vikombe vya kutupa na sahani za kutupa, nikawa jikoni tangu asubuhi na viazi karai na kaimati. Maisara akanijia akaniambia yeye na Kache wameandaa mchezo wa wanasesere. Kache ni binti wa Dama, mpangaji wetu wa chumba cha chini, na wawili hao hawaachani. Nikamwambia vyema, lakini uwe mfupi na uhusu kutunza bahari. Akaniuliza, "Kwani lazima bahari?" Nikamwambia aniondokee, nina mafuta motoni. Hivyo mchezo wenyewe sikuuona mpaka wageni walipouona.

Walitundika leso ya kujifunga kwenye kamba wakajificha nyuma yake. Akatokea mwanasesere wa kifuu, mkono wake mmoja umetengenezwa kwa bati la kopo la samli na ni mkubwa kushinda mwili mzima. Kikaja kitoto kidogo cha gunzi, kimebeba ndege.

"Mama, nimetengeneza ndege."

"Ngoja. Inua juu. Si hivyo, wajifunika uso. Cheka. Cheka vizuri."

"Mama, huyu ndege aruka."

"Asiruke, ataharibika."

Kisha ule mkono wa bati ukamsukuma ndege kando, na mama wa kifuu akasema, "Haya, niondolee uchafu wako hapa, watu waja." Wageni wakacheka. Na mimi nilicheka, Bi Swabaha, tena nilicheka kwa sauti, maana sikujitambua, nilidhani ni mama mwingine.

Akaja mwanasesere mzee mwenye nywele za makumbi, akaketi kitako katikati. Ule mkono wa bati ukapanda sikioni kama mtu anayezungumza kwa simu. "Shoga, yuko hapa hapa ukumbini, haondoki. Nikimpikia wali, hauna chumvi. Nikimpikia chapati, ngumu. Siku atakayohamia kwa bintiye Buxton nachinja mbuzi."

Hapo ndipo nilipojitambua. Maneno hayo ni yangu, sikupunguziwa hata moja. Nilimwambia dada yangu kwa simu, na Maisara alikuwa chini ya meza ya jikoni na kapu lake, nikidhani ameshughulika.

Bi Bimdogo akauliza kwa upole, "Maisara, huyo mzee wa makumbi ni nani?"

"Ni wewe, nyanya."

"Na huyo mwenye mkono?"

Kabla mtoto hajajibu nikasimama. Nikasema ni Kache aliyemfundisha maneno hayo, kwamba watoto wa wapangaji huyaokota mambo huko nje wakayaleta nyumbani mwa watu. Na Dama alikuwa amesimama pale pale, ameshika sinia la kaimati, akinisaidia kuwaandalia wageni. Aliliweka sinia chini, akamshika Kache mkono, wakaingia chumbani mwao na mlango ukafungwa. Bi Bimdogo akavaa buibui lake akaondoka na Mwanaesha kwenda Buxton, na mpaka leo hajarudi.

Mume wangu, Mzamil, hakuwapo. Aliporudi nilimsimulia ya Kache na akaniamini, na sasa asema mwezi ukiisha Dama atafute nyumba nyingine. Wale wanasesere niliwatia guniani nikampa mtu wa mkokoteni wa taka. Maisara alisimama mlangoni akitazama, hakulia, aliniambia tu, "Kache hakusema kitu. Yeye alishika ndege." Tangu siku ile kapu halijaguswa. Ili nimfurahishe nikamrudishia simu, na sasa akitoka shule ni simu mpaka alale. Nikimwambia achore hata ua, huniuliza, "La kupigwa picha?"

Mwanaesha amesema mama hatarudi mpaka Maisara aende amwombe radhi na aseme maneno yale aliyatoa wapi. Nimekuwa nikimfundisha aseme ni Kache, naye hutazama chini. Na juu ya yote, Mwalimu Kazungu amenipigia kusema hajaona mchezo mzuri kama ule, na ataka watoto wauonyeshe siku ya wazazi, mbele ya shule nzima.

Nieleze, Bi Swabaha, nimrudishe vipi mwanangu kwenye ubunifu, lakini ubunifu wa heshima, wa maua na ndege. Na nimrudishe vipi mavyaa bila mimi kuumbuka. Na yule mwalimu nimkatalie kwa lugha gani. Nisaidie, na usinikaripie sana.

Mama Maisara, Mji wa Kale

*

Wa alaykum salaam, Mama Maisara.

Nitakukaripia kiasi cha kukufaa.

Nianze na lile bango. Uliwaita watu waje waone jinsi mtoto anavyoweza kucheza bila kuichafua dunia, ukawanywesha kwenye vikombe vya kutupa, chini ya maputo, mbele ya picha yako mwenyewe. Katika ua wote ule kitu pekee ambacho hakikununuliwa ni wale wanasesere, na hao ndio uliowatia guniani. Kamati yako ya mazingira ikikosa kazi, mwenyekiti wake yupo, waanze naye.

Sasa huo ubunifu wa heshima. Mwanangu, ulitaka akili ya mtoto ifunguke, halafu ikishafunguka itazame ukutani. Ulimpa kapu la vitu vilivyotupwa ukamwambia tumia chochote unachokiona, na pale jikoni paliachwa pia maneno, yamezagaa, hayana mwenyewe. Akayatumia. Hakuongeza kitu wala hakupunguza, wewe mwenyewe umekiri. Kwa mtoto wa miaka tisa, hiyo ni kazi safi, na Mwalimu Kazungu si mjinga. Ndege wa makuti ulimsifu kwa sababu ndege hasemi.

Wauliza utamrudisha vipi mavyaa bila kuumbuka. Umeshaumbuka. Unadhani kuna mama hata mmoja pale uani aliyeamini kwamba mtoto wa mpangaji ndiye anayejua chapati za nyumbani mwako ni ngumu? Walikula viazi vyako wakaenda zao kwa adabu. Aliyeamini ni mumeo peke yake, na hakuwapo.

Ningekuwa na huruma zaidi kama barua yako ingeishia kwa Bi Bimdogo. Kumsema mavyaa kwa simu ni jambo la aibu, lakini si wewe uliyelianzisha duniani. Lile la Dama ndilo lililonifanya niiweke barua yako chini. Mwanamke amekuja kukusaidia shughuli yako, ameshika sinia lako, na mbele ya watu ukamwambia mwanawe ni mchafuzi wa nyumba za watu. Sasa anatafutiwa njia ya kutoka kabla ya mwezi kuisha, na wewe kalamu yako yashughulika na maua. Katika maswali yako yote sikuona hata moja la Dama. Nilirudia kusoma nikidhani limenipita.

Na kuna jambo jingine. Uliniandikia nambari yako ya simu, na Jumatano nikakupigia kukuuliza kama kweli ulicheka mchezo ulipoanza, maana hapo nilikupenda kidogo. Aliyepokea si wewe. Ilikuwa sauti ndogo, imenisalimu vizuri sana.

"Mama yuko juu, aanika nguo. Nimwite?"

Nikamwambia bado, na nikamuuliza yeye siku hizi anatengeneza nini.

"Sitengenezi."

"Kwa nini?"

Akasema, "Nikitengeneza kizuri hupigwa picha, halafu huwekwa kabatini kisiharibike. Nikitengeneza kibaya hutupwa. Cha kuchezea hakuna."

Nilimuaga nikakata simu, na lile swali langu la kwako likaniishia. Mtoto hajapoteza ubunifu, Mama Maisara. Amegoma. Na kwa masharti aliyowekewa, hata mimi ningegoma.

Kwa hivyo hakuna cha kumfundisha. Achana kabisa na hayo maneno ya kumkaririsha aseme ni Kache. Unamtaka mtoto ambaye kosa lake ni kusema alichokisikia aende Buxton akabusu mkono wa nyanyake huku akisema uongo, kisha akirudi umwambie achore ua. Akikutii, hapo ndipo utakapokuwa na sababu ya kulia.

Buxton uende wewe. Umwambie Bi Bimdogo, na Mwanaesha akiwa amekaa pale, kwamba yale maneno ni yako, na Maisara aliyasikia kwa sababu uliyasema. Usieleze kwamba ulikuwa umechoka, wala usilete habari ya chumvi. Huenda asirudi nawe siku hiyo. Huenda akapenda hali ya Buxton akakaa. Ni haki yake, na usithubutu kumnunulia mbuzi.

Mumeo umwambie kabla hujaenda huko, asije akaambiwa na dada yake. Atakasirika. Atakuuliza kwa nini ulimwacha aamue kumtoa mtu nyumbani kwa kosa lisilokuwa lake, na hilo swali utalijibu wewe, mimi sitaweza kukusaidia. Lakini habari ya kuhama iishe usiku uo huo, asilale nayo.

Simu uichukue kwa Maisara, na yako pia uiweke mbali anapokuwa na kapu lake. Usimnunulie rangi, usimnunulie vifaa, usimchagulie jambo la kutengeneza. Mpe pembe moja ya nyumba ambayo wageni wakija haifagiliwi. Akitengeneza ndege, mwache aruke mpaka avunjike, atatengeneza mwingine. Makumbi hayajaadimika Mombasa. Akikuonyesha kitu, kitazame kwa macho yako mawili, umuulize chafanya kazi vipi, kisha umrudishie mkononi. Itachukua muda. Alikuamini mara moja ukampa mtu wa mkokoteni wanasesere wake.

Mwalimu Kazungu si wako kumkatalia wala kumkubalia. Mchezo ni wa watoto wawili, waulize hao. Wakikataa, basi. Wakikubali, ukae mstari wa mbele na ucheke kama ulivyocheka mara ya kwanza, safari hii ukijua unamcheka nani. Kina mama wengine watakuwa wakijicheka pia bila kujua, utakuwa na wenzako.

Lakini hayo yote yanakuja baada ya jambo moja, na Buxton yenyewe yangoja nyuma yake. Umeniandikia kurasa tele mimi nisiyekujua, na Dama yuko chini ya ngazi zako. Shuka leo, kabla hata hujalikunja gazeti hili. Umwombe radhi yeye, na umwombe Kache kwa jina lake, mlango ukiwa wazi ili majirani waliosikia lile wasikie na hili. Nenda peke yako. Usibebe kaimati.

Bi Swabaha