Mguu wa Mama Ndani ya Kopo

Robi mdogo wangu, mmeamkaje huko Mwanza?

Nyumbu waliochorwa upande wa pili wa kadi hii usiwajali, hapa Mugumu kadi zinazouzwa ni hizo tu. Nakuandikia nikiwa na hasira. Yule kijana mchoraji aliyetuomba video ya marehemu mama akitoka kisimani ametengeneza kopo la bati lenye matundu membamba ubavuni, na ndani ameweka utepe wa michoro. Ukilizungusha na kuchungulia, mama anatembea na ndoo kichwani. Nilifurahi mpaka nilipoangalia miguu. Hachechemei. Mguu ule aliovunjwa na ng'ombe umepona kabisa.

"Nimemnyoosha kidogo, dada, apendeze," akasema.

Nikamuuliza nani kamwambia mama alikuwa amepinda. Si utotoni tulikuwa tukisikia ule mguu ukiburutwa, tunaacha ugomvi na kukimbilia kuosha vyombo? Mama mkubwa, niliyekuja naye kutoka Nyambureti, akachungulia pia. "Anatembea vizuri," akasema. "Ni mke wa nani huyu?"

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikachukua ndoo ya watu, nikajitwika, nikatembea pale uani kwa mchoraji kama mama, mguu wa kushoto nikiuburuta vumbini. Mama mkubwa akaliacha kopo, akaja kunipokea ndoo, akaniita kwa jina la mama. "Pole na maji, Ghati."

Wasalimie wanao, nawapenda. Wakikuuliza bibi yao alikuwaje, usiwaonyeshe picha. Inuka utembee.

Dada yako, Bhoke