Furu wa Angani

Fundi Hamisi,

Nimewamaliza. Furu wote wa angani, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na yule sangara wao anayepita juu akijidai nimemtungua na yeye. Nimetumia kidole kimoja, wala jasho halikunitoka. Huko uliko watangazie kwamba bingwa wa Musoma sasa ni mimi.

Haya, usinune. Ni uongo. Sijaua hata mmoja. Niliwasha mashine, kioo kikawa cheupe, kile kimraba kikapepesa pale kwenye kona, nikakikodolea macho mpaka nikachoka, nikazima. Hivyo tu.

Tulikuzika Bunda vizuri. Watu walijaa. Mdogo wako akasimama akasema marehemu alikuwa mtu wa maneno machache, kazi yake redio na swala, mambo ya mchezo hayajui. Hayajui! Nilijiziba mdomo kwa kofia nisicheke, watu wakadhani nalia, mmoja akanishika bega. Nikataka kusimama niwaambie. Niwaambie nini sasa? Kwamba wazee wawili wenye mvi, mmoja fundi redio, mwingine muuza dagaa wa Mwigobero aliyeishia darasa la nne, walikuwaga wanapigana na viumbe vya angani kila Jumamosi? Nikabaki nimekaa na kofia yangu mdomoni. Kilio cha kweli kilinijia kwenye basi la kurudi, na huko hakuna aliyenishika.

Kibanda chako cha Iringo wamekipangisha, wanauza madishi ya televisheni. Zuhura wako alipokuwa anahamisha vitu akaniita: "Baba mdogo, njoo uchukue hiki kitaipu chenu." Kitaipu! Mwanao mwenyewe. Nikakibeba ndani ya kanga kama mtoto wa kliniki.

Wewe haya yote unayakumbuka, lakini acha niyaseme, maana sina mwingine wa kumwambia.

Ilikuwa ile miaka ya unga wa njano na foleni za sabuni. Ndiyo kwanza wameanza kuruhusu watu kuleta vitu kutoka nje, na mpwa wako baharia akakuletea mashine ile. Kibao cha herufi tu, unakichomeka kwenye televisheni. Televisheni yenyewe ilikuwa ya yule mwenye ukumbi wa video, alikuletea uitengeneze. Ikapona wiki ile ile, wewe ukamwambia spea bado iko njiani. Spea ikakaa njiani miaka na miaka, mwongo mkubwa wewe.

Mashine haikuwa na akili ya kutunza kitu. Kila ukiiwasha, mchezo uingie upya kutoka kwenye kaseti, redio ikilia kama paka wawili ndani ya gunia. Chai inaisha, tunasubiri. Halafu hao! Wamejipanga mistari, wanashuka wakicheza kama furu, vile visamaki vya ziwani, ndani ya maji, na wewe chini na kijimtumbwi chako unawarushia risasi. Vidole vyako, macho yangu, kwa sababu miwani yako ilikuwa ya urembo tu.

"Kushoto, Fundi! Kushoto! Sangara huyo, mpige!"

"Acha kelele, Mjita, namwona!"

Hukumwona.

Halafu wanakwaya. Kaseti zilikuwa adimu kuliko sukari, na kwaya ya Mama Neema wangu ilikuwa inakwenda kushindana Butiama. Akaingia kibandani wewe umeenda msikitini, akaweka kaseti yetu kwenye redio, akasikia paka. Akasema hii imeshaharibika, wala fundi hataitafuta. Akaziba vile vitundu vya kuzuia kurekodi kwa karatasi, wakarekodi mazoezi upande wote. Tena akairudisha na shukrani! Wewe ukaichomeka, tukangoja furu, zikaja sauti za akina mama. Ukasikiliza mpaka mwisho, Mwislamu wa watu, ukitumaini baada ya "amina" huenda wamebaki wawili watatu. Ukatoa miwani, ukamwambia, "Shemeji, sisi tumewapiga miezi hawaishi. Nyie mmewamaliza kwa haleluya moja." Akacheka mpaka akakaa chini. Wewe hukucheka.

Mpwa wako hakupata kaseti nyingine. Mimi nikajua yameisha. Jumamosi iliyofuata nimekuja tu kupiga soga, nakukuta umewasha, kioo kitupu, vidole viko tayari. "Niitie," ukasema. Nikadhani umechanganyikiwa. "Niite nani?" "Hao. Si unajua wanakotokea?" Nikatazama kile kioo kitupu, nikaona aibu, halafu nikasema taratibu, kushoto. Ukabonyeza. Nikasema mstari umeshuka, Fundi, umeshuka! Ukabonyeza kwa nguvu, ukaanza kutukana. Wateja nje wakadhani tunagombana. Tukaendelea hivyo miaka, bila furu hata mmoja, na mara mbili uliniambia umekufa kwa uzembe wangu.

Sasa kila nyumba ina televisheni, hata mimi ninayo. Mama Neema alinihurumia juzi, akakaa pembeni yangu aniitie. "Kushoto, Baba Neema. Au sijui ni kulia. Ugali unapoa." Anaita kama anauza nyanya! Hana hofu, hajawahi kuwaona. Waliowaona ni wewe na mimi, na sasa nimebaki peke yangu na jeshi zima. Nikiwaita mwenyewe nikajibu mwenyewe, haiwi vita. Nakaa tu nasikia friji la jirani.

Kijana mmoja wa vyuma chakavu anaitaka mashine avunje atoe shaba. Nimemfukuza. Nakuahidi haitavunjwa nikiwa hai, na Jumamosi umeme ukiwepo nitaiwasha, hata kama Neema anasema baba anazeeka vibaya.

Pumzika, Fundi. Mwenye televisheni akikukuta huko, mwambie spea imefika.

Ila kuna kitu kimoja. Miaka yote niliita mimi, ukapiga wewe. Nikiomba zamu unasema wiki ijayo. Jumamosi hii nitaweka vidole tayari, nitafumba macho. Niitie mara moja tu. Kushoto au kulia, hata ukidanganya, nitabonyeza.

Mjita wako