Nyota za Meli Mbili

Jumapili, alasiri. Mvua ya mawe ilianza watu wakitoka kanisani na sasa imeacha. Barafu bado imekaa juu ya majani ya chai kule chini kwenye mteremko, na kesho kiwandani tutaletewa majani yaliyochubuka. Nilisimama dirishani nikaangalia. Zamani ningekasirika, maana kipande kimoja cha shamba hilo ni changu. Leo niliangalia tu, halafu nikarudi kwenye simu.

Sina huzuni. Naandika hivyo mapema kwa sababu nyinyi wachache mnaosoma hapa hunitumia pole kila nikiandika, na sijui nizipeleke wapi. Mume wangu Kiprono alifariki kabla ya mvua za masika, na tangu hapo nimekufa ganzi, kama mguu uliolaliwa vibaya usiku. Nangoja uanze kuwasha. Hauanzi.

Jambo la leo ni meli.

Binti yangu Chelangat ni muuguzi huko Uskoti. Anataka mimi na yeye tupande meli ndogo inayozunguka visiwa vya huko, wiki moja, sisi wawili tu. Amenitumia habari za meli mbili akasema nichague, na chumba tumeshikiwa katika zote mbili mpaka leo jioni. Majina yake ni magumu, kwa hivyo moja naiita Nyeupe na nyingine Bluu, kwa rangi zake.

Mbona meli, na mimi ni mtu wa milimani? Aliniambia bila kuzunguka. Kila akipiga simu, tukifika mahali pagumu, mimi humwambia angoje kidogo, maziwa yanachemka. "Kwa meli hakuna jikoni, Mama," alisema. "Hutapata pa kukimbilia."

Ni kweli. Siku nyingine hakuna hata maziwa.

Najua pia kile asichosema. Baba yake alizikwa Ijumaa. Ndege ya Chelangat ilikwama kwa theluji, akafika Jumamosi. Watu wa ukoo walikuwa wamepanga tayari, mahema yalikuwa yamesimama, na mchungaji alikuwa na mazishi mengine Siongiroi siku iliyofuata. Mjane haulizwi mambo ya ratiba. Chelangat alikuta udongo bado mbichi, akasimama hapo na mkoba wake mgongoni, hakulia, hakuuliza kitu. Baada ya siku chache akarudi kazini. Tangu wakati huo tunaongea habari za hali ya hewa, ya kwake na ya kwangu.

Nisipomjibu leo, sidhani ataniomba kitu kingine tena. Atanitumia salamu za Krismasi na picha za wajukuu, kama Mungu atampa, na basi. Hiyo ndiyo hofu yangu. Hata hiyo naijua kwa kichwa tu, kifuani hakuna kinachogonga.

Kwa hivyo wiki nzima nimekuwa nikisoma nyota. Kuna watu ambao kazi yao ni kupanda meli za watu na kuzipa alama: chumba, chakula, wahudumu, usafi, shuka. Nilifurahi kuwagundua. Au niseme, ningefurahi. Na mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ni mwonjaji wa chai kiwandani, miaka mingi sasa. Asubuhi vikombe vinapangwa kwenye meza ndefu, navuta kijiko kwa kelele mpaka chai igonge kaakaa, natema, nasema rangi, nasema ukali, nasema kama kuna moshi au uchachu, nasonga kwa kikombe kinachofuata. Chai ikienda mnadani Mombasa, alama zetu zimetangulia.

Kwa hivyo mtu akinipa nyota, najua nitazishikaje.

Nyeupe ina tano. Wataalamu watatu, wote tano. Bluu ndiyo ilinichanganya. Mmoja aliipa nne, mwingine mbili, na ni meli ile ile, msimu ule ule.

Ijumaa nilimwonyesha Ouma. Ouma ni mwonjaji mwenzangu, mtu wa kando ya ziwa, tumetema kwenye ndoo moja tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Kwetu pale kuna sheria. Mimi na yeye tukipishana sana kwa kikombe kimoja, hatubishani. Chai inapikwa upya, vikombe vinahamishwa sisi tukiwa tumegeuka ukutani, halafu tunaonja tena bila kujua ni ipi. Mara nyingi mmoja wetu hukuta kosa ni lake: alikula kitunguu jana, au kikombe kilichotangulia kilikuwa kibaya mno na kinachofuata kikajipatia sifa bure. Mimi mursik, maziwa yetu ya kugandisha, nisiiguse siku ya kazi, moshi wa kibuyu unakaa kwenye ulimi mpaka saa sita.

Ouma alisoma zile alama mbili akauliza ni nani aliyepika upya. Nikamwambia hakuna. Akasema basi hizo ni habari za watu wawili, si habari za meli.

"Mimi nimekulia kwa maji, Mama Chelangat," akaongeza. "Boti siwezi uliza iko na nyota ngapi. Nauliza tu kama inarudi."

Tulicheka. Nilisikia kicheko changu na kilikuwa sawa kabisa, cha sauti ya kawaida.

Nikarudi kusoma yale maandishi madogo ya chini. Wawili kati ya wale watatu wa Nyeupe walisafiri kwa mwaliko wa wenye meli. Wameandika wenyewe, hawakuficha, na siwezi kusema wamedanganya. Lakini sisi mwenye majani akituletea hata soda kabla ya kuonja, soda inabaki kwenye kreti. Si kwamba soda itaniharibu. Ni kwamba nitaanza kujiuliza kama imeniharibu, na ulimi unaojiuliza haufanyi kazi.

Hata hivyo si mwaliko ulionisumbua zaidi. Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Ouma.

Tangu Kiprono afe, alama zangu hazijakosea hata mara moja.

Nilitegemea zingeharibika. Nilirudi kazini nikijua wiki ya kwanza wataniambia nikapumzike. Badala yake kila kikombe nakisoma vizuri: hiki kikali, hiki kimepoa mapema, hiki majani yalikaa sana kwenye gunia. Ouma anakubaliana nami, wanunuzi wanakubaliana nasi. Ulimi unafanya kazi, mimi mwenyewe sipo. Chai nzuri ikipita naiita nzuri na hakuna kitu ndani yangu kinachogeuka kuitazama. Sasa nitajuaje kwamba yule wa nyota tano hakuwa hivyo hivyo? Labda aliona shuka ni safi, samaki amepikwa vizuri, akaandika, akalala. Alama zake ni za kweli. Hazisemi kama kuna siku alisimama pale kwenye meli akatamani mtu fulani angekuwepo.

Na tena, chai ninayoipa alama za juu kabisa, nyumbani siipiki. Ni ya watu wanaokunywa bila maziwa. Ukiitia kwenye sufuria yetu, maziwa nusu, inapotea, unabaki na maji matamu. Niliwahi kuwapikia wageni, na hakuna aliyeomba kikombe cha pili.

Leo baada ya kanisa nilikaa mezani nikasoma zote mbili tangu mwanzo, polepole, kama mtu anayepika upya.

Nyeupe imepata nyota kwa mambo haya: vyumba vikubwa, ukuta haupitishi sauti, kila chumba na kibaraza chake, meza za kulia zimeachana. Mtaalamu mmoja amesifu kwamba ukitaka unaweza kumaliza safari nzima bila kulazimika kuongea na mtu.

Nikiri hapa. Hiyo ndiyo niliyokuwa nimeichagua. Tangu Jumatano nilikuwa najua ni Nyeupe, na nyota nilikuwa nazitafutia sababu tu. Ningekaa kibarazani, Chelangat angekaa kibarazani, tungeangalia maji, tungeambiana kuna baridi, na wiki ingeisha.

Bluu imepunguziwa nyota kwa haya: ni ya zamani. Abiria wote wanakula kwenye meza moja. Mtandao unapotea mara kwa mara. Ukuta ni mwembamba. Vitanda viwili vya chumbani vimekaribiana sana hivi kwamba, anasema yule wa nyota mbili, mtu akinyoosha mkono usingizini anamgusa mwenzake.

Nilisoma hapo mara kadhaa. Nikainua macho nikatazama nyumba. Sebule kubwa, kimya, viti vimeachana, hakuna anayenilazimisha kuongea. Vitu vyote vilivyoipa Nyeupe nyota tano ninavyo hapa Kericho. Naishi ndani yake. Kiprono akiwa hai nyumba hii ilikuwa ya nyota mbili: alikoroma, aliacha redio ikiongea peke yake, mkono wake ulikuwa haukai upande wake wa kitanda.

Nafikiri yule mtaalamu hakukosea. Kazi yake aliifanya vizuri. Ila swali alilokuwa analijibu si langu.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo Chelangat alipopiga, saa kumi na moja hivi, jua likiwa limetoka na mabati yakitoa mvuke. Hakuuliza hali ya hewa. Aliuliza kama nimeamua, nikamwambia Bluu.

Akaniambia, kwa ile sauti yake ya kuongea na wagonjwa, kwamba labda sikuelewa, hiyo ndiyo yenye nyota chache, chumba ni kidogo na vitanda vimebanana. Yeye aliiweka pale ili tu kuwe na mbili za kulinganisha. Nikamwambia nimeelewa. Nimesoma mpaka maandishi ya chini.

Hapo ndipo mahali pagumu palipofika, na mikono yangu ilianza kutafuta kitu cha kufanya. Nikaikalia.

"Chela," nilisema, "sitaki kukudanganya. Sina furaha ya safari. Hata huzuni ya baba yako sina. Sisikii kitu chochote. Nitakuja hivyo hivyo nilivyo."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nilijua nimeharibu.

"Hata mimi, Mama," alisema. "Tangu nifike pale kwa kaburi. Sijalia hata siku moja. Nilijua uliniona, na nikajua umenikasirikia."

Nikamwambia nilifikiri yeye ndiye amenikasirikia, kwa sababu hatukumngoja.

"Nilikasirika," alisema. "Kidogo. Lakini hata hiyo iliisha, nikabaki tu."

Hatukusema mengi baada ya hapo, na hakuna aliyekata simu. Nilisikia mlango ukifungwa huko kwake, na maji yakitoka bombani, na yeye akisikia labda kuku wangu. Mwishowe akasema atawaandikia watu wa Bluu sasa hivi kabla muda haujapita. Akauliza kama nitahitaji kitanda cha dirishani. Nikamwambia achukue yeye.

Nimekaa hapa nikijichunguza, nione kama kuna kitu kimeanza kuwasha. Sijalia. Sitaandika kwamba nimelia. Lakini miezi hii yote nilidhani hii ganzi ni yangu peke yangu, kumbe mtoto wangu alikuwa nayo huko kwenye baridi, akienda kazini nayo, akigeuza wagonjwa kitandani nayo, na hakuna aliyemuuliza.

Yeye ndiye hupiga simu siku zote. Kesho jioni nitapiga mimi.