Kadi Yangu Nyuma ya Aprili

Mama Kapinga,

Kofia zako zilikuja kukuzika. Nakuambia hili kwanza kwa sababu najua utalipenda. Ilikuwa baridi ya Juni, na akina mama wa Katuba walikuja na watoto mgongoni, na kila mtoto alivaa kofia ya sufu uliyomfumia wewe: nyekundu, kijani, na zile za njano ulizokosea kipimo, zinazofunika mpaka pua. Njia nzima ya makaburini nilitembea nyuma ya vichwa vidogo vya rangi. Mtoto mmoja akamvua mwenzake kofia, wakalia wote wawili, na mama mmoja akasema, "Muone, hata leo Kapinga anatupatia kazi." Tukacheka. Kwenye maziko yako, Mama. Nilitaka kukuomba msamaha, kisha nikakumbuka kwamba wewe ungecheka wa kwanza.

Sasa ni wiki ya sita. Nimekaa kwenye kiti chako hapa dispansere, mchana, watu wamekwenda kula. Sindano yako ya kufumia iko mbele yangu, ile ndefu ya chuma. Koleo la marehemu mume wako liko pembeni, lile alilokatia tikiti kwenye treni ya Sakania. Nina habari ya kukupa na sijui kama nitaieleza vizuri. Unajua mimi na maneno.

Unakumbuka siku mama yangu aliponileta? Nilikuwa nimemaliza shule wiki ileile. Alinisukuma mlangoni akasema, "Uyu haseme. Pengine utamupatia kazi." Ukaniangalia juu ya miwani. "Haseme? Ni muzuri. Kadi nazo haziseme mupaka unaziuliza."

Kisha ukanionyesha. Hadi leo naona mikono yako. Kadi za watoto wote wanaopimwa hapa, kila moja na matundu kuzunguka ukingo wake, ndani ya sanduku ambalo daktari mmoja aliliacha alipoondoka, na hakuna mwingine aliyejua kazi ya matundu yale. Kila jambo la mtoto lina tundu lake. Kama jambo ni ndiyo, koleo linakata tundu mpaka nje, linabaki pengo. Ukapanga kadi sawasawa, ukapitisha sindano kwenye tundu moja, ukainua, ukatikisa kidogo. Zile zenye pengo zikaanguka mezani kama mvua ya karatasi. Nyingine zikabaki zinaning'inia. "Iyi banapata chanjo ya kifua," ulisema, ukionyesha mezani. Uliuliza watoto mia tatu swali moja, wakajibu kwa pumzi moja!

Nikasema, "Tena!" Hilo ndilo neno langu la kwanza kwako.

Wiki hiyohiyo nikakosea. Ulinituma nitafute watoto ambao hawajaugua surua, nikakuletea zote zilizobaki kwenye sindano, nikijiona fundi. Ukachomoa moja. "Uyu hayagonjwa? Nani alikuambia?" Ukaweka kidole kwenye tundu la pembeni. Ndipo nikajua kwamba kila jambo lina matundu mawili: la kwanza ni ndiyo, la pili ni kwamba mama ameulizwa. La kwanza zima na la pili limekatwa, basi jibu ni hapana. Yote mawili mazima, basi hatujui lolote. "Tundu yenye kunyamaza haiseme hapana, mwana wangu," uliniambia. "Inanyamaza tu."

Siku ile ukachukua kadi tupu ukaandika jina langu juu yake: Ngoie. Nyuma yake ukageuza maana za matundu. Mahali pa chanjo ya kifua ukaandika "kushika sindano", ukakata hapohapo. Mahali pengine, "kutunza siri". Na mahali pa chanjo ya surua, "kusema mbele ya watu". Ukaniuliza, "Utaweza kusimama mbele ya banamama na kusema?" Nikaangalia viatu vyangu. Ulingoja. Ulingoja sana, Mama. Kisha ukaiondoa kadi mezani, ukarudi kwenye kofia yako. Nikawa na hakika kwamba tundu la pembeni umelikata: ameulizwa, na jibu ni hapana. Mwaka mzima nilitembea na hapana hiyo.

Lakini tundu la siri nililipata, na ningali nacheka. Yule bibi mwenye kitambaa cha maua alitaka kusoma kadi ya mtoto wa mkamwana wake. Hakuwa na jetoni. Ulishanifundisha: kila mama ana kipande chake cha bati chenye namba, amekifunga kwenye nguo, kama wafanyakazi wa mgodi wanavyopita getini na namba yao; anayeleta jetoni anaonyeshwa kadi moja, ya namba ile, basi. Bibi akasema, "Mutoto ya mutoto yangu, nikose kuona karatasi yake?" Nikanyamaza. "Uko bubu?" Nikanyamaza. Akaketi, akala karanga zake zote, akasimama, akanitukania ukoo, akaenda zake. Ukatoka nyuma ya pazia machozi yanakutiririka kwa kicheko. "Hata banki haina kufuli sawa weye!" Ukachukua koleo na kadi yangu, ukarudi nyuma ya pazia. Kra.

Na ile mifuko thelathini na moja tuliyoishona pamoja kutoka kwenye vitenge vyako vilivyochakaa, mfuko mmoja kwa kila siku ya mwezi! Kadi ya mtoto anayetakiwa kurudi mwezi huu inatoka sandukuni, penye mwezi wake wa kuzaliwa, inalala kwenye mfuko wa siku yake, na kila asubuhi kazi yetu ni kufungua mfuko wa leo tu. Nilidhani ni kuhesabu siku peke yake. Ukaona nimewapanga akina mama kumi na wawili siku ya Ijumaa, ukanishika sikio. "Ijumaa ni posho. Nani ataacha unga ya kampuni aje kupima mutoto?" Na Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya mtaa mzima, kila mtu na jembe lake. Tarehe peke yake haitoshi. Lazima ujue watu wako wapi siku hiyo.

Sasa habari yenyewe.

Ulipokufa, Tata Kilufya, yule mganga mkuu wako unayemjua kwa haraka zake, aliniita ofisini. "Ngoie, utaweza kushika nafasi ya Mama Kapinga?" Mama, moyo wangu ulikuwa unapiga kelele ndiyo. Mdomo haukufunguka. Nikaangalia viatu. Akasema kwa upole, "Basi, nimeelewa. Usiogope. Nitatafuta karani mujini." Na karani huyo, alisema, ataandika watoto wote katika kitabu kikubwa kwa majina, A mpaka Z, na sanduku litaingia stoo. Kwa majina! Ulinieleza jinsi majina ya Kizungu yalivyoondolewa kwa amri ya serikali, watoto wakabadilishwa majina kwa wiki moja, na namba zako peke yake ndizo zilizobaki palepale. Nililia chooni. Hata hilo nililifanya kimya.

Kisha zikaja habari: gari la chanjo ya surua litafika, na barafu yake itadumu siku moja tu. Dozi hamsini. Zikiisha hamsini, gari linaondoka. Walitaka kuja Ijumaa. Sikuweza kusema, lakini niliandika kwenye kikaratasi, "Si Ijumaa. Posho," nikakisukuma chini ya mlango wa Tata Kilufya. Wakabadilisha, ikawa Alhamisi. Nilifurahi, nikadhani vikaratasi vinatosha maishani.

Tata Kilufya akaniambia nimtafutie watoto waliopita miezi tisa ambao hawajachanjwa, kisha akaenda mjini kuomba barafu ya ziada. Nikatoa kadi za umri huo, za mifukoni na za sandukuni, mwezi wa kuzaliwa baada ya mwezi. Nikapitisha sindano kwenye tundu la chanjo ya surua. Zikaanguka nyingi, zikabaki hamsini na tisa. Hamsini na tisa, na dozi ni hamsini! Nilikwisha kuanza kuandika orodha mkono wangu uliposimama. Nani alikuambia? Nikasikia sauti yako kabisa, na harufu ya sufu.

Nikazichukua zile zilizobaki, nikapitisha sindano kwenye tundu la pembeni. Zikaanguka thelathini na sita: hao wameulizwa, hawajachanjwa, hakuna shaka. Zilizoning'inia zilikuwa ishirini na tatu, wengi ni wageni wa Kipushi na wa reli. Hakuna aliyewauliza.

Nikazihesabu tena moja moja. Ya mwisho ilikuwa yangu.

Ngoie. Mwandiko wako. Ulikuwa umeiweka nyuma ya kigawanyo cha Aprili, mwezi wangu wa kuzaliwa, pamoja na watoto. Tundu la kusema mbele ya watu lilikuwa zima, hilo nililijua. Lakini la pembeni nalo lilikuwa zima. Hukulikata, Mama. Siku ile uliniuliza, ukangoja, nikanyamaza, na wewe hukuandika hapana. Mwaka mzima hukuandika hapana.

Nilikaa chini. Kisha nikainuka, kwa sababu ilikuwa Jumanne, siku ya kupima, na uwanja ulikuwa umejaa.

Usifikiri nilitoka kama askari. Kwanza nilibandika karatasi mlangoni: "Wafuatao waje kuulizwa." Hakuna aliyeitazama, isipokuwa mbuzi. Ndipo nikasimama kwenye ngazi nikaanza kusema. Mama mmoja wa mbele, mwenye sauti ya soko, akasema, "Eh, mutoto ya Kapinga, unasema ao unasali?" Uwanja wote ukacheka. Nikajua sasa nitakufa. Sikufa.

Nikachukua kadi ya kwanza, nikapaza sauti: "Mwa Mbuyi!"

Unajua nilichofanya. Wewe Mkasai unajua. Mapacha wote wa kwenu ni Mbuyi na Kabanga, na mama zao wote wanaitwa Mwa Mbuyi. Wakasimama watano! "Niko!" "Miye!" "Aliniita miye!" Na mama wa mapacha ukimwita mbele za watu lazima umsifu, hivyo wengine wakaanza kupiga makofi, watano wale wakaingia katikati wakicheza na watoto wao kumi wakitikisika mgongoni na mbele, na vumbi likainuka. Mimi nimesimama na kadi yangu moja. Ungefurahi mpaka miwani ianguke. Nikacheka, na nilipokuwa nacheka sauti ikatoka yenyewe, kubwa, sikuitambua: "Banamama! Majina hapana! Jetoni! Namba mia mbili kumi na nne!"

Yule mwenye sauti ya soko, naye mmoja wa wale watano, akaangalia bati lake. "Ni miye," akasema polepole. "Sasa unasema."

Nikawaita wote ishirini na wawili kwa namba, kila mmoja nikamuuliza ndani, nyuma ya pazia, kama ulivyotaka, majirani wasisikie. Tisa walikuwa wamechanjwa kwingine. Kumi na watatu bado. Ona, Mama, kimya kilekile kilikuwa na majibu mawili ndani yake. Ningewaandika wote kuwa hapana, dozi zingeisha kwa watoto wasiozihitaji. Ningewaacha wote, kumi na watatu wangebaki nje.

Thelathini na sita na kumi na watatu ni arobaini na tisa. Alhamisi walikuja wote arobaini na tisa, wakalia wote, na kofia zako zikaruka kila upande. Ikabaki dozi moja. Gari lilikuwa limewasha mashine mwanamke mmoja alipoingia getini na mzigo kichwani, ameshuka treni ya Sakania asubuhi ile, na mtoto asiye na kadi wala jetoni. Nikamuuliza mimi, wa kwanza, kabla Tata Kilufya hajafungua mdomo: "Amepata chanjo ya surua?" Akatikisa kichwa. Dozi ya hamsini ikaingia mkononi mwa mtoto yule. Nikamwandikia kadi mpya, nikakata matundu yake kwa koleo lililosafiri njia ileile mara nyingi kuliko yeye. Nilimpa kofia ya mwisho ya kapu lako. Ile ya njano. Imemfunika pua.

Tata Kilufya akauliza tena, safari hii akangoja kama ulivyongoja wewe: "Ngoie, utaweza?"

"Nilishaweza, Tata."

Akacheka mpaka akakaa kwenye mizani ya watoto. Karani wa mjini haji. Sanduku linabaki. Jumatatu nilianza kujifunza kufuma. Kofia yangu ya kwanza inafanana na soksi, lakini mtoto hajui.

Akina mama wanarudi kutoka kula, nawasikia barabarani, lazima nimalize. Lala vizuri, Mama Kapinga. Tuasakidila, kama ulivyonifundisha kushukuru kwa lugha yenu. Nakuahidi kwamba sindano yako haitashika kutu, kwamba bibi wa kitambaa cha maua hatasoma kadi isiyo yake, na kwamba msichana yeyote atakayesukumwa kwenye mlango huu akiangalia viatu vyake, nitamuuliza, kisha nitangoja.

Kadi yangu sikuiweka nyumbani. Nimekata matundu yote mawili, kra, kra, na nimeirudisha nyuma ya Aprili. Pitisha sindano sasa, Mama. Itaanguka.

Mwana wako,
Ngoie